Bibi Dirisha, Aliyeogopa Kweli

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza bibi yetu, ahsanteni sana. Kabla ya kuanzia pale watu wanapoanzia, yaani kuzaliwa, kuna neno moja ambalo marehemu aliomba litangulie. Alisema siku ya kumzika asisimame mtu akadai kwamba aliondoka bila hofu, uso umetulia, akitabasamu. Watu hupenda kusikia hivyo, na hakuna ubaya. Lakini yeye alikuwa mwoga tangu utotoni, alijijua, na kitu alichokitaka maisha yake yote hakikuwa ujasiri. Alitaka akisema anaogopa, aaminiwe. Basi haya yameandikwa kama alivyotaka, na atakayeona hofu imezidi atuwie radhi. Hatukuizidisha. Ilikuwapo.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1944, kitinda mimba wa dobi mmoja na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka lao. Mbele kulikuwa na kaunta na pasi za makaa, nyuma familia nzima, na katikati ujia mrefu wenye waya juu, ambako nguo za wateja zilining'inia zikisubiri wenyewe. Jioni mwanga ukififia, yale mashati na makoti yalionekana kama watu waliokatwa vichwa wakapangwa foleni. Na ili kufika chooni ilikuwa lazima upite chini yao, mikono yao ikikugusa mabega. Binti wa dobi hakupita pale peke yake hata siku moja.

Kaka zake wawili walilijua hilo, na kaka ni kaka. Siku moja wakaingia wote ndani ya koti refu la mwalimu mkuu, mmoja juu ya mabega ya mwenzake, vifungo vimefungwa mpaka juu ya kichwa, wakamfuata polepole ujiani. Alipiga yowe lililomtoa mama yake jikoni na mwiko mkononi. Mpaka baba anafika, koti lilikuwa limesharudi kwenye waya, na kaka zake wako mezani wanakunywa chai kama malaika. Mtoto akasema koti limetembea. Baba akalipapasa koti, akamwambia makoti hayatembei, na kwake baba yakaisha. Kwa mtoto hayakuisha. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba koti halikumtisha sana kama lililofuata: kusimama mbele ya watu wanaokupenda, meno yanagongana, nao wanatikisa kichwa.

Shule ya msingi alianza mwaka 1952, mtaa wa pili kutoka dukani, akasoma mpaka darasa la nane. Alikuwa msomaji hodari. Baba yake hakujua kusoma, kwa hiyo jioni yeye alikaa juu ya kaunta akimsomea hadithi huku mzee anapiga pasi. Ikifika mahali pabaya alikifunga kitabu pu! Baba akimbembeleza afungue, maana yule mama wa kwenye hadithi bado ananing'inia kisimani, alijibu kwamba ni afadhali aendelee kuning'inia, kwa sababu kitabu kikifunguliwa ndipo atakapozama. Mzee alilala siku nyingi bila kujua mwisho wa hadithi.

Akiwa darasa la saba walimweka kwenye mchezo wa kufunga mwaka. Alikuwa mtumishi wa malkia, kazi yake kushika sinia la vikombe na kunyamaza. Lakini alipouona mlango wa ukumbi umebaki wazi, gizani, akaanza kuwaza ni nani anaweza kuingia. Vikombe vikaanza kulia kwenye sinia. Watu wakaacha kumtazama malkia, wakageuza shingo kuutazama mlango, na wengine wakavuta watoto wao karibu. Hakuna aliyeingia. Mchezo haukuwa na mtu wa kuingia. Mama mzazi wa malkia alikwenda kulalamika ofisini kwamba binti wa dobi amemwibia mwanawe mchezo bila kufungua mdomo.

Baada ya shule alijifunza kupiga chapa, na mwaka 1965 akaajiriwa katika kituo cha televisheni. Kituo chenyewe kilikuwa bohari la zamani la magunia lililotiwa taa na mapazia. Ukikohoa huku, kikohozi kinakujibu kule. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kupiga chapa mchezo mpya, wa watu waliopotea na chombo chao cha anga katikati ya nyota. Akachapa vizuri mpaka akafika mahali ambapo kitu kisichojulikana kinagonga dirisha la chombo kutokea nje. Vidole vikagoma. Mwongozaji wa mchezo alipokuja kuchukua karatasi zake, alimkuta ameitolea macho mashine kodo, kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo. Akamwuliza kulikoni.

"Kinagonga," alisema.

Mwongozaji hakucheka. Akamwambia kesho asije chumba cha chapa, aje studio.

Wazee mliopo mnaukumbuka mchezo ule wa Jumamosi jioni. Vijana hamkuuona na hamtauona, maana kanda zilifutwa zikarekodiwa mambo mengine juu yake. Mle chomboni kulikuwa na nahodha, daktari, fundi wa injini na sanduku la bati lenye taa ambalo lilikuwa linafikiri. Wote walikuwa na majina. Yeye hakupewa. Katika karatasi aliandikwa Dada wa Dirishani, na ndiyo mwanzo wa watu kumwita Dada Dirisha, kisha Mama Dirisha, mwisho Bibi Dirisha. Alikaa kwenye kiti nyuma ya mabega ya nahodha, akitazama nje. Maneno yake kwa wiki yangetosha nyuma ya stempu. Alizoea kusema kwamba hata lile bati lilikuwa na mengi ya kusema kuliko yeye, na ndani ya bati alikuwa mlinzi wa geti.

Sasa, mazimwi ya mchezo ule yalikuwa kichekesho. Moja lilikuwa zulia lenye watu wawili chini yake, na mmoja wao alikuwa akipiga chafya. Mwongozaji akaona akiyaonyesha, watu watavunjika mbavu. Akaamua asiyaonyeshe. Kila zimwi lilipokaribia chombo, kamera ilimgeukia Dada wa Dirishani, ikamsogelea, ikabaki pale. Watu nyumbani waliliona zimwi usoni mwake. Kila mmoja aliona lake. Kuna mama wa mtaa wetu ambaye mpaka leo anaapa kwamba aliliona zimwi lenye manyoya mekundu, na televisheni yenyewe ilikuwa ya rangi nyeupe na nyeusi.

Na hadithi ilikuwa ile ile. Dada anaona kitu, anasema kuna kitu nje. Nahodha anasema ni vumbi la nyota. Daktari anasema amechoka, apumzike. Baadaye kitu kinaingia, kinatafuna nusu ya chombo, wanaume wanapambana nacho, na hakuna anayerudi dirishani kumwambia kwamba alisema kweli. Wiki inayofuata anaona kitu tena, wanasema tena ni vumbi.

Siku moja alikata shauri akamwendea mwandishi wa mchezo, mtu mpole mwenye wino kwenye kola. Akamwuliza yule dada akitoka pale dirishani anakwenda wapi. Mwandishi akafikiri. Nahodha alikuwa na chumba chake, daktari alikuwa na mke aliyemwacha duniani, bati lilikuwa na kona ya kutiwa mafuta. Mwandishi akasema kwa kweli hajui, hakuwahi kufika huko. Kamera ikigeuka, kwake dada hayupo. Bibi alisema alipousikia ule ukweli, uliosemwa bila ubaya wowote, damu ilimsimama kuliko kwa mazimwi yote. Akarudi kitini akamtungia dada maisha yeye mwenyewe: ana mama mgonjwa duniani, ana kitanda chini ya ngazi, anaogopa kulala kwa sababu akilala hakuna anayetazama nje. Hayo hayakuandikwa popote. Aliyaweka usoni.

Katika studio hiyo ndimo alimopata mume. Babu yetu, ambaye alitutangulia, alikuwa seremala wa kituo. Ndiye aliyelitengeneza lile dirisha kwa mfuniko wa sufuria kubwa, na kwa kuwa nje ya dirisha hakukuwa na kitu, ndiye aliyesimama huko ameinua mpini wa ufagio wenye kitambaa cheupe, ili Dada ajue macho ayapeleke wapi. Kijana mcheshi yule, mwanzoni alikuwa akimtolea ulimi ili acheke. Hakucheka. Siku moja kamera ikazimwa, wenzake wakakimbilia chai, na seremala akaona binti bado ameshika meza, vidole vimekuwa vyeupe. Akaweka ufagio chini, akamwuliza kama anaumwa.

Akamwambia haumwi, anaogopa. Akamweleza kwamba hajui kuogopa kwa uongo. Wenzake wanaigiza, yeye anaogopa hasa, na hofu ikishaingia haitoki mara moja kwa kuwa mtu amezima taa. Seremala hakusema makoti hayatembei. Alivuta boksi la misumari akalikalia mbele yake, akamwambia basi watakaa hapo mpaka itoke. Tangu siku hiyo, kila kamera ilipozimwa alikuwa akiketi pale, wakati mwingine chai inapoa, wakati mwingine taa zote zimezimwa na mlinzi wa geti ameshavua bati lake. Walifunga ndoa tarehe 15 Machi 1969. Shahidi wao alikuwa huyo huyo mlinzi wa geti.

Walijaliwa watoto wawili. Mimba ya kwanza aliificha nyuma ya meza ya dirishani mpaka mwisho, na akarudi kazini. Mimba ya pili haikufichika, na alipojifungua alikuta kitini ameketi msichana mwingine, sare ile ile, nywele zimebanwa vile vile. Mle chomboni hakuna aliyeuliza yule wa kwanza amekwenda wapi, wala nahodha, wala bati. Walimbadilisha kama balbu. Alitazama Jumamosi hiyo nyumbani, mtoto kifuani, na majirani waliokuja kutazama naye wakasema mbona huyu mpya anaogopa kidogo tu. Jumatatu alimbeba mtoto mgongoni akaenda kituoni, si kugombana. Alimvuta yule msichana pembeni, akamwambia dada yule ana mama mgonjwa duniani, asimsahau. Wawili hao walikuwa marafiki mpaka mwisho, na yupo hapa leo, amekaa pale mbele. Shikamoo, bibi.

Sasa tunafika kwa mwanawe mkubwa, fundi wa majokofu mnayemjua, na ametoa ruhusa hili lisomwe. Alipokuwa mdogo, kabla mdogo wake hajazaliwa, Jumamosi ikifika na uso wa mama yake ukijaa kwenye kioo, aliingia chini ya meza akilia kwamba mama anakufa. Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, mchezo ukiwa umerekodiwa siku za katikati ya wiki. Alimvuta mguu, akamwonyesha mikono yake mizima, haikusaidia. Mtoto aliamini uso. Wiki moja alilia mpaka akatapika, na mama yake akaona heri amponye. Akamchukua mapajani akamwambia, "Mama anaigiza tu, mwanangu. Siogopi. Ni kazi."

Ulikuwa uongo, na mtoto akaushika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Hakulia tena. Akakua nao, akaoa nao. Hofu yoyote ya mama yake, ya radi, ya ngazi, ya simu kulia asubuhi sana, aliijibu kwa kicheko: mama huyo, anatuigizia. Familia nzima ikachukua wimbo huo huo. Wajukuu walipokuja, ikawa mchezo wa sikukuu: baada ya kula, Bibi anaombwa atuogopeshe. Anashusha kikombe, anatazama juu ya vichwa vyetu, na chumba kizima kinapoa. Halafu vicheko na makofi. Babu alipokuwa hai, alibaki ameketi mbele yake baada ya makofi kwisha. Alipofariki, mwaka 2006, hapo mbele hakukaa mtu.

Ugonjwa ulimkuta mezani. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa mwaka jana, wote tupo, hata binti yake mshonaji alikuwa amesafiri kuja na wanawe. Kabla hajaombwa, Bibi akashusha kikombe akatazama juu ya vichwa vyetu. Uso haukuwahi kuwa vile. Watoto wakakimbilia mapaja ya mama zao, wakubwa wakapiga makofi, na mwanawe akasema mama hajazeeka kikazi. Makofi yakaendelea. Hakuna aliyeacha mpaka kikombe kilipoviringika kikaanguka na yeye hakukifuata kwa macho. Hospitali wakasema ni moyo, na kwamba maumivu yalikuwa yamemwanza mapema asubuhi. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba alisema: alimwambia mkwewe jikoni, akamwambia mwanawe mlangoni, na kila mmoja alimwambia aache michezo yake, wageni wanakuja.

Miezi iliyofuata alilala chumba cha mbele nyumbani kwa mwanawe, kitanda kimeelekezwa mlangoni kwa sababu hakutaka mlango uwe nyuma yake. Tuseme kweli: aliogopa sana. Aliogopa zaidi alasiri, nyumba ikiwa kimya na jua linahama ukutani. Mate yalimkauka, alishika shuka kwa mikono miwili. Kiongozi wa ibada alikuja akamweleza kwa upole kwamba mwenye imani haogopi. Akamjibu kwa heshima kwamba yeye anaamini na anaogopa, na vyote viwili vinakaa ndani yake bila kugombana. Rafiki yake aliyemrithi kiti alimwuliza ni nini hasa. Akasema anamwaza yule dada, kwamba kamera ikigeuka hakuwa na pa kwenda, na anaogopa isije kuwa hata kwa watu ni hivyo hivyo.

Mwanawe alimhudumia vizuri, hilo majirani ni mashahidi. Alimwosha miguu, alimkorogea uji, alimnunulia feni. Ila kumtazama usoni hakuweza. Aliingia na mzaha mdomoni, akatoka nao. Mama usituigizie leo, hata nahodha hayupo. Mama yake alikuwa akitabasamu ili asimwaibishe, na mlango ukifungwa tabasamu linaondoka. Alimwambia binti yake kwamba uongo ule ni wake mwenyewe, yeye ndiye aliyeutoa, na hajui atamnyang'anyaje mtu mzima kitu alichopewa na mama yake akiwa analia.

Alhamisi iliyopita alasiri, mwanawe aliingia kumuaga akitaka kwenda kutengeneza jokofu la mteja, mkoba wa vifaa begani. Mzaha wake ulikuwa umeshaanza. Mama yake hakutabasamu safari hii. Aliacha uso wake uwe ulivyo, akamwelekezea yeye. Na huyu mtu mzima, mwenye mvi, akaweka mkoba chini, akapiga magoti kando ya kitanda. Kisha akasema, "Si kuigiza, eti mama?"

"Si kuigiza."

"Hata zamani?"

"Hata zamani, baba. Niliogopa siku zote."

Akamwuliza anaona nini. Akasema hajui, ila ni kikubwa, na kinakuja. Mwanawe hakumwambia ni vumbi. Aligeuka akatazama kule anakotazama mama yake, ukutani, ambako hakukuwa na kitu, akatazama kwa muda mrefu, na watu wa nyumbani waliokuwa mlangoni wanasema uso wake ulibadilika ukawa kama wa mama yake. Akasema, "Na mimi naogopa, mama."

Bibi akamshika kifundo cha mkono. Akasema, "Basi tuko wawili."

Hakusema tena. Alipumua akiwa amemshika, macho wazi, na hofu ilikuwamo machoni mpaka pumzi ilipokoma. Hakutabasamu. Lakini mkono wake haukutetemeka, na ule wa mwanawe ulitetemeka kwa ajili ya wote wawili. Mteja wa jokofu alipiga simu mara kadhaa; tunamwomba radhi, ataonwa wiki ijayo.

Marehemu ameacha mwana mmoja na mkewe, binti mmoja na mumewe, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyezaliwa juzi juzi, na rafiki wa kiti kimoja. Wamemtangulia mumewe, wazazi wake na kaka zake wawili.

Bibi, hatujui ulikokwenda, na hatutajifanya tunajua. Amani ikufikie huko na upumzike. Na kama bado unaogopa, tunakuamini.